PIKIPIKI HAICHOKI, DEREVA NDIYE ANAYECHOKA

Leo katika ukurasa wetu wa afya hatutazungumza juu ya malaria. Hatutazungumza juu ya vyoo wala maji ya kuchemsha. Tutazungumza juu ya safari ndefu ya pikipiki, na hasa safari ya watu wengi wanaokwenda pamoja.

Pengine unauliza, "Pikipiki na afya vinahusianaje?" Swali lako ni zuri. Mwaka 1973 Tanzania ilikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa "Mtu ni Afya". Wananchi walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Kisha wakashika majembe, wakachimba vyoo. Walijifunza kwamba ugonjwa una chanzo chake. Chanzo kikijulikana, ugonjwa unaweza kuzuiwa.

Ajali nayo ni hivyo hivyo. Watu wengi husema, "Ni bahati mbaya." Lakini ukiuliza vizuri, mara nyingi utaambiwa kwamba dereva hakulala. Au hakunywa maji tangu asubuhi. Au alikuwa akikimbizana na wenzake. Mambo hayo yote yanazuilika. Tuyaangalie moja moja.

HABARI YA MSIBA INAPOFIKA

Tuseme mko vijana wanane katika kijiji chenu. Kila mmoja ana pikipiki. Saa moja jioni simu inalia. Mzee wenu aliyekuwa akiishi mkoa wa jirani amefariki. Maziko ni kesho saa kumi alasiri. Ni mbali, kilomita 300.

Mnakutana chini ya mwembe. Mmoja anasema, "Twendeni sasa hivi. Tutafika alfajiri." Wengine wanaitikia. Anayesita anaogopa kusema, maana ataonekana mwoga, au ataonekana hana huruma na wafiwa. Saa mbili usiku mnawasha pikipiki.

Sasa ndugu msomaji, chukua kalamu na daftari lako la kisomo. Tufanye hesabu.

Siku hiyo uliamka saa 11 alfajiri kwenda shamba. Ulilima, ukarudi, ukaenda sokoni. Saa 2 usiku, mnapoondoka, umekuwa macho saa 15. Saa 4 usiku umekuwa macho saa 17. Saa 11 alfajiri, kama bado uko juu ya pikipiki, umekuwa macho saa 24.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwapima watu waliokaa macho muda mrefu, kisha wakawapima watu waliokunywa pombe. Waliona hivi: mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Huko Australia dereva wa kawaida mwenye pombe kiasi hicho ana kosa mbele ya sheria. Mtu aliyekaa macho saa 24 ni kama mwenye pombe ya asilimia 0.10. Hiyo ni mara mbili.

Kwa hiyo ninyi wanane hamkuonja hata tone la pombe. Lakini baada ya saa mbili tu za safari mnaendesha kama watu waliokunywa. Na njia bado ni ndefu.

USINGIZI WA KUVIZIA

Wazee husema usingizi ni nusu ya kifo. Juu ya pikipiki nusu hiyo hukamilika upesi.

Kuna usingizi unaouona ukija. Unapiga miayo, macho yanakuwa mazito. Lakini kuna usingizi mwingine ambao huuoni. Unakuja kwa sekunde chache tu, halafu unaondoka. Macho yanaweza hata kuwa wazi, lakini akili imelala. Tuuite usingizi wa kuvizia, maana unakuvizia kama chui.

Tufanye hesabu nyingine. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Ukilala sekunde 4, umekwenda mita 67 bila dereva. Hiyo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Katika mita hizo kuna shimo, kuna mbuzi, kuna lori limeharibika barabarani bila taa.

Mtu anayelala ndani ya basi huegemea kiti. Anayelala juu ya pikipiki hana cha kuegemea.

Mwili wa binadamu una saa yake. Saa hiyo inataka ulale hasa kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi. Tena inalegea kidogo mchana, kati ya saa 8 na saa 10. Nyakati hizo jihadhari zaidi. Kama unaweza, usiwe njiani usiku wa manane.

Dalili za uchovu ni hizi:

1. Unapiga miayo mara kwa mara.
2. Hukumbuki kijiji mlichopita sasa hivi.
3. Pikipiki inahama upande wake bila wewe kutaka.
4. Unachelewa kubadili gia, au unafunga breki kwa kushtuka.
5. Unakasirika bila sababu.
6. Unasema moyoni, "Nikaze tu, tumekaribia kufika."

Dalili ya sita ni mbaya kuliko zote. Ukiona hata dalili moja, simama. Ondoa pikipiki barabarani. Tafuta mahali penye watu, ulale dakika 20. Ukiamka, tembea kidogo na unawe uso kabla ya kuendelea. Kama bado una usingizi, safari ya siku hiyo imekwisha. Tafuta pa kulala.

MABINGWA WA SAFARI NDEFU WANASEMAJE?

Huko Marekani kuna chama cha watu wanaopenda safari ndefu sana za pikipiki. Kinaitwa Iron Butt Association. Jina hilo ni la mzaha, maana yake ni makalio ya chuma. Ukitaka kutambuliwa na chama hicho, unatakiwa uende maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Ni sawa na kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, kisha kuendelea kilomita mia nne na zaidi. Dereva anaweka stakabadhi za mafuta za kila kituo ili athibitishe kwamba kweli alipita huko.

Chama hicho pia kina mashindano ya siku 11. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1984. Mashujaa wake wamekwenda zaidi ya kilomita 17,000 kwa siku hizo 11.

Usije ukasema, "Kumbe inawezekana, nami nitajaribu." Barabara zao kuu ni pana. Magari yanayokwenda hayakutani uso kwa uso na yanayorudi. Hakuna ng'ombe wanaovuka kwenda mtoni. Tunawataja kwa sababu nyingine. Watu hawa wameishi na uchovu miaka mingi, na wanaujua. Sikiliza wanavyofundishana.

Kwanza, wanasema: jua kipimo chako. Mtu asiyewahi kwenda kilomita 200 kwa siku asianze na 600. Aongeze kidogo kidogo.

Pili, wanasema: mbio hazikufikishi mapema. Gawanya kilomita 1,609 kwa saa 24. Utapata kilomita 67 kwa saa, pamoja na kusimama. Mwendo huo ni wa kawaida. Anayefika ni yule anayekwenda sawasawa na kutopoteza muda ovyo anaposimama. Anayekimbia huchoka mapema, kisha hukaa kivulini muda mrefu.

Tatu, wanasema: ukiwa na usingizi, simama ulale. Katika mashindano yao kupumzika kumewekewa pointi. Dereva anayesimama kwa saa zilizopangwa, akathibitisha kwamba amesimama, anapata pointi zake. Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji. Mabingwa wa safari ndefu wanamzawadia mtu kwa kupumzika. Sisi huku kwetu tunamcheka.

Nne, wanasema: tengeneza pikipiki mapema, siku kadhaa kabla ya safari. Usifunge kifaa kipya usiku, ukaondoka asubuhi. Kifaa hicho ndicho kitakachokusumbua njiani.

KUNYWA MAJI KABLA YA KIU

Mwaka 1916 dada wawili wa Marekani, Augusta na Adeline Van Buren, walivuka nchi yao kwa pikipiki kutoka New York mpaka California. Kila mmoja aliendesha yake. Safari ilichukua kama miezi miwili. Barabara za lami zilikuwa chache, na njia nyingi zilikuwa za tope na mchanga. Walishinda tope na milima mirefu. Lakini jangwani, magharibi ya mji wa Salt Lake City, walipotea njia na maji yakawaishia. Aliyewaokoa ni mtu mmoja aliyekuwa akitafuta madini. Yeye alikuwa na maji. Hapo hodari wa kuendesha walimtegemea mwenye maji.

Juu ya pikipiki mwili unapoteza maji bila wewe kujua. Ukilima, unaona jasho linatiririka. Ukiendesha pikipiki, upepo unalikausha jasho mara linapotoka. Unadhani hutoki jasho, kumbe linatoka sana. Baada ya muda kichwa kinauma, mawazo yanapungua, na uchovu unakuja haraka.

Dawa yake ni rahisi. Chukua maji safi, yaliyochemshwa au kutibiwa. Kunywa kikombe kimoja kila mnaposimama, hata kama huna kiu. Tazama mkojo wako. Ukiwa mweupe au wa njano kidogo, maji yanatosha. Ukiwa wa njano iliyokolea, maji hayatoshi. Ongeza.

Watu wengine hawanywi maji kwa kuogopa kusimama kukojoa. Huko ni kujidanganya. Kusimama kukojoa ni mapumziko pia. Mguu unanyooka, mgongo unanyooka, na damu inatembea.

CHAKULA, BARIDI NA MATAKO

Usiondoke na njaa. Kunywa uji, au kula viazi na chai. Njiani kula kidogo kidogo: ndizi, karanga, yai, muhogo. Usishibe ugali wa mlima mzima saa saba mchana, halafu ukapanda pikipiki. Shibe hiyo itakukuta saa nane, wakati mwili wenyewe unataka kulala.

Baridi nayo inachosha. Alfajiri, hasa nyanda za juu kama Njombe na Mbeya, upepo wa pikipiki unapenya mpaka mifupani. Vidole vikifa ganzi, huwezi kushika breki vizuri. Vaa koti zito, viatu vya kufunika mguu, na glovu. Kama koti halitoshi, chukua gazeti ulilokwisha kusoma, ulikunje, ulitandaze kifuani ndani ya koti. Gazeti linazuia upepo. Lakini kwanza lisome.

Matako na mgongo vitauma. Usione haya kusema hivyo. Hata wale wenye makalio ya chuma wanaumia. Badili mkao kila mara. Usikunje mabega. Simama kila baada ya saa moja, shuka, tembea hatua mia moja.

VITU VYA KUKESHA NAVYO

Madereva wengine hutafuna mirungi ili wasilale. Wengine hunywa vinywaji vya kuongeza nguvu chupa baada ya chupa. Wengine huvuta bangi, au huonja gongo kwa kusema inaleta ujasiri.

Mirungi na bangi ni kosa kisheria Tanzania. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mwili wako ungekukataza. Mirungi haiondoi uchovu. Inauficha tu. Uchovu uliofichwa unarudi siku hiyo hiyo, tena kwa nguvu zaidi, na unakukuta uko katikati ya pori. Gongo nayo inapunguza akili na kuongeza usingizi.

Kahawa au chai inasaidia kidogo, kwa muda mfupi. Huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi. Kunywa kikombe kimoja, kisha lala dakika 20. Ukiamka utaona nafuu. Lakini kumbuka: dawa ya usingizi ni kulala. Hakuna nyingine.

KWENDA KUNDI

Kwenda pamoja kuna faida. Mmoja akipata pancha, wengine wapo. Mmoja akianguka, wengine watamsaidia. Lakini kundi lisilo na mpango ni hatari kuliko mtu mmoja. Vijana wakiwa wengi hushindana. Wa nyuma anamfukuza wa mbele, wa mbele anaogopa kupitwa. Mwishowe wote wanakwenda mwendo ambao hakuna hata mmoja aliyeutaka.

Fanyeni mkutano kabla ya safari. Dakika 20 zinatosha. Mkubaliane mambo haya:

1. Idadi. Kundi moja lisizidi pikipiki 5 hadi 7. Ninyi mko wanane, basi gawanyikeni makundi mawili ya watu wanne. La pili liondoke nyuma ya la kwanza kwa dakika kadhaa, ili magari yapate nafasi ya kupita.

2. Kiongozi. Mchagueni mtu mtulivu anayeijua njia. Msimchague mwenye pikipiki yenye nguvu. Kiongozi ndiye anayepanga mwendo, na hakuna anayempita.

3. Mlinzi wa nyuma. Huyu naye awe mzoefu. Abebe pampu, viraka, spana na sanduku la huduma ya kwanza. Akisimama mtu, yeye anasimama naye.

4. Wageni. Anayejifunza, au mwenye pikipiki dhaifu, awekwe mara tu baada ya kiongozi. Mwendo wa kundi ni mwendo wake. Akiwekwa nyuma atalazimika kukimbia ili awafikie wenzake, na hapo ndipo ataanguka.

5. Nafasi. Katika barabara nzuri iliyonyooka msifuatane mstari mmoja. Kiongozi akae upande wa kulia wa njia yenu, karibu na katikati. Wa pili akae kushoto nyuma yake, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Hivyo kila mmoja anaona mbele. Kati yako na aliye mbele yako upande ule ule pawe na sekunde 2 au zaidi. Utazipimaje? Mwenzako akipita mti, sema taratibu, "Mia moja na moja, mia moja na mbili." Ukifika kwenye mti kabla hujamaliza, umemkaribia mno.

6. Njia mbaya. Kwenye kona, daraja, mchanga au tope, fuataneni mmoja mmoja na kuachiana nafasi kubwa. Kwenye vumbi ongezeni nafasi zaidi. Usiendeshe ndani ya vumbi la mwenzako. Huoni, na mapafu yako yanaumia.

7. Ishara. Kiongozi akinyoosha mkono juu, simameni. Akionyesha kwa mguu, kuna shimo upande huo. Kila mmoja airudie ishara ili wa nyuma yake aione.

8. Vituo. Tajeni vijiji mtakavyosimama, na kila mmoja avijue kwa majina. Hivyo hata mtu akiachwa hatahangaika. Anajua wapi atawakuta.

Jambo la tisa ni kubwa kuliko yote. Kila dereva amtunze aliye nyuma yake. Tazama kioo mara kwa mara. Mwenzako asipoonekana, punguza mwendo. Aliye mbele yako ataona umepungua, naye atapunguza. Mwishowe kiongozi atajua, na kundi lote litasimama. Kwa njia hiyo hakuna anayeachwa amelala korongoni huku wenzake wanaendelea na safari.

Mkubaliane na neno moja zaidi. Mtu yeyote akisema, "Nimechoka," kundi linasimama. Hakuna kumcheka wala kumbishia. Leo ni yeye, kesho ni wewe.

KOFIA NGUMU

Vaa kofia ngumu, yaani helmeti, nawe abiria vaa yako. Uifunge kamba chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Wataalamu waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali walikadiria kwamba helmeti inapunguza kufa kwa asilimia 42, na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kuitundika kwenye mkono au kwenye tanki hakusaidii kitu.

Usibebe mshikaki wa watu watatu au wanne katika safari ndefu. Wazee, wajawazito na watoto wapande basi. Na mzigo ufungwe uwe chini na katikati, usiizidi pikipiki kwa upana.

MWENZENU AKIANGUKA

Kwanza, zuieni magari pande zote mbili ili asigongwe tena yeye wala ninyi. Pili, pigeni simu 112, au mwombeni mtu wa karibu aite msaada. Tatu, msimnyanyue kwa kumshika mikono na miguu. Huenda shingo au mgongo umevunjika. Mwacheni alivyo, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine. Kama anapumua vizuri, msimvue helmeti. Akitapika, mgeuzeni ubavu taratibu, mmoja akishika kichwa na shingo vikae sawa na mwili. Damu ikitoka sana, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, msiachie. Msimpe chakula wala kinywaji. Mfikisheni kituo cha afya au hospitali haraka, kwa gari, akiwa amelala.

TURUDI KWENYE MSIBA

Sasa tuwarudie vijana wetu wanane chini ya mwembe. Simu ililia saa 1 jioni. Maziko ni kesho saa 10 alasiri. Kuna njia nyingine.

Saa 2 usiku mnafanya mkutano. Mnachagua viongozi wawili na walinzi wa nyuma wawili. Mnakagua tairi, breki, cheni na taa. Saa 3 usiku kila mtu yuko kitandani. Mnaamka saa 11 alfajiri. Mmelala saa 8. Mnakunywa uji, na saa 12 asubuhi kundi la kwanza linaondoka.

Mnakwenda kilomita 50 kwa saa. Kilomita 300 ni saa 6 za kuendesha. Mnasimama mara tano, kila baada ya kilomita 50. Mara nne mnapumzika dakika 15, na mara moja mnapumzika saa nzima kwa chakula. Mapumziko yote ni saa 2. Jumla ni saa 8. Saa 8 mchana mko msibani. Mnanawa, mnawapa pole wafiwa, mnashika majembe kusaidia kaburini.

Na kama mngekimbia? Kwa kilomita 60 kwa saa, kipande cha kilomita 50 kinachukua dakika 50. Mngeokoa dakika 10 tu kwa kila kipande. Mtu hawezi kuuza maisha yake kwa dakika 10.

Kama maziko ni mapema na muda hautoshi, pandeni basi. Kama hakuna basi, pigeni simu, mseme mtafika siku inayofuata. Wafiwa watawaelewa. Wasichoweza kukibeba ni msiba wa pili juu ya ule wa kwanza.

Ndugu msomaji, mwenda pole hajikwai. Somo hili lisome mara mbili, kisha msomee kijana wako mwenye pikipiki. Mama, msomee mumeo. Nawe uliyemwoa mke mwenye pikipiki yake, msomee naye.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Dereva aliamka saa 12 asubuhi. Sasa ni saa 5 usiku, bado anaendesha. Amekuwa macho saa ngapi? Afanye nini?
2. Kwa nini dereva wa pikipiki hupungukiwa na maji bila kujua?
3. Katika kundi lenu mmoja ana pikipiki dhaifu. Mtamweka wapi, na kwa nini?
4. Mwenzenu anasema mirungi inaondoa usingizi. Mtamjibuje?
5. Je, kijiji chenu kimewahi kupata ajali ya pikipiki? Chanzo chake kilikuwa nini? Kingezuiwaje?
6. Pangeni safari ya kilomita 200 kutoka kijijini kwenu. Andikeni saa ya kuondoka, majina ya vijiji mtakavyosimama, na saa ya kufika.